Janggi ya Ijumaa ya Mwisho

Hata sasa, kila apitapo mbele ya ile nyumba ya mtaa wa Muaither, huku ughaibuni, Athanas hupunguza mwendo. Wapangaji wapya wameipaka rangi ya ajabu, lakini baraza ni lilelile. Miaka saba alimwendesha Mzee Bae, mhandisi wa Kikorea, kwa gari kwenda kazini Lusail na kurudi. Miaka saba, kila Ijumaa, siku ya mapumziko ya huku, akitoka kanisani, walikaa pale kucheza janggi, sataranji ya Kikorea. Na miaka saba, jamani, alifungwa yeye tu.

Si kwamba hakuujua mchezo. Alishaelewa kwamba kete hukaa kwenye makutano ya mistari, si ndani ya vyumba. Kwamba mzinga hausogei mpaka uruke kete nyingine. Kwamba jemadari hatoki nje ya ngome yake, na akibanwa asiwe na pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Mkubwa kwa umri hushika kete nyekundu, mdogo hushika za kijani na ndiye anayeanza. Adabu hiyo Athanas aliipenda.

Kilichomponza ni drafti. Alikulia Mbeya kwenye drafti ya vizibo vya soda, ambako kula ni lazima. Mzee Bae akimtegea kete, mkono ulikwenda wenyewe, na kichwa kikafuata baadaye na majuto.

"Athanas, tumbo yako itaua wewe," Mzee alicheka, kwa Kiswahili alichookota Dodoma akijenga barabara. "Hapa si lazima kula. Hata kucheza si lazima. Sema 'napita', mimi nacheza."

Kupita! Mwanamume mzima apewe zamu aikatae? Athanas aliona ni uvivu.

Ijumaa ya mwisho mabegi yalikuwa mlangoni. Mkataba wa Mzee umekwisha, anarudi kwao moja kwa moja. Athanas alitaka kitu kimoja tu: amfunge, hata mara moja, kabla hajaondoka.

Mzee akaiacha wazi kete yake ya gari la vita, mbele ya farasi wa Athanas. Mkono ukawasha. Athanas akaukalia, ndiyo, akaukalia kabisa chini ya paja, akacheza mzinga kwa mkono wa kushoto. Mzee akaacha kutabasamu.

Zamu tatu baadaye Athanas akauona ushindi. Askari wake akisogea hatua moja tu, jemadari mwekundu hana pa kwenda. Akamshika yule askari. Akayatazama mabegi. Akamwachia askari.

"Napita," akasema.

Mzee Bae akainama juu ya ubao. "Wewe umeona?"

"Nimeona, Mzee."

"Sasa?"

"Tunaondoka saa tisa. Sasa hivi ni saa nane."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akajimiminia chai, akammiminia na Athanas.

"Mimi pia napita," akasema.

Mpaka saa tisa hakuna aliyegusa kete.