Kobe wa Ukweni

Mimi nimejitambulisha ukweni huku napigana na kobe. Msicheke kwanza, nimalize.

Naitwa Peniel, wa Kintinku. Mchumba wangu ni Eliana, kwao Ilongero. Na nina ugonjwa mmoja: gemu la simu la kupiganisha wanyama wa ajabu.

Kila mnyama anabeba mapigo manne tu. Unayachagua mwenyewe kabla ya vita.

Nyati wangu nilimpa manne ya moto, yote. Ngao? Ya waoga. Tiba? Aende hospitali.

Sasa humo kuna mtu anajiita Kobe Mtulivu. Kobe wake ni wa majini. Anajikinga, anamlaza nyati wangu usingizi, anajitibu, kisha anammaliza kwa pigo la maji. Kila tukikutana nachezea kichapo.

Nami simwachi. Namwandikia: "Bibi kobe wewe, njoo nikuchemshe supu!"

Ananijibu kwa upole: "Moto, moto, moto, moto. Kijana, huna jingine?"

Siku ya kujitambulisha ikafika. Mshenga wangu, baba mdogo Leonidas, akanionya njiani.

"Ukifika pale, kazi yako kunyamaza. Wakikukataa leo, basi tena."

Roho ilikuwa juu. Nampenda Eliana kweli, na nyumba ile ilisharudisha wachumba wengine.

Tukafika, shikamoo zikapita. Baba yake Eliana akakaa mbele yetu na koti zito, mikono kaiingiza ndani. Mama hatukumwona. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai kutazamana, kwa hiyo alibaki jikoni, nyuma ya pazia.

Baba mdogo akaanza kuulizia hali za ukoo mzima, mpaka ng'ombe. Simu yangu ikatetema.

Kobe Mtulivu: "Karibu kwangu. Hilo shati la bluu limekukaa. Cheza."

Nikamtazama mzee. Mikono bado iko ndani ya koti, na kuna kitu anakichezea humo.

Mungu wangu, kumbe niliyetaka kumchemsha supu ni baba mkwe!

Nikawaza nijiachie tu anipige, nimpe heshima yake. Ujumbe mwingine ukaingia: "Ukijiachia, mke huna."

Jamani. Nikimshinda nimekosa adabu, nikijiachia nimekosa mke.

Nikafunika simu kwa kofia yangu mapajani. Nikang'oa mapigo matatu ya moto, roho inaniuma. Nikaweka ngao, nikaweka tiba, nikaweka radi, maana mnyama wa maji hawezi kuhimili radi.

Kobe akarusha maji, nikakinga. Akanilaza, nikaamka hoi, nikajitibu. Akajisahau kidogo. Nikashusha radi, akaanguka chali.

Ndipo baba mdogo akanikanyaga mguu. "Peniel! Mzee anakuuliza unasali wapi."

"Radi!" nikajibu.



"Ndiyo dhehebu gani hilo?" mzee akauliza, akitoa mikono kwenye koti. Mkononi hakuwa na simu. Alikuwa na kikopo cha ugoro.

Nikachanganyikiwa. Kama siye yeye, ni nani?

Jikoni sufuria likaanguka. Sauti ya mama ikapasuka: "Weee! Kobe wangu jamani!"

Mzee akageuka. "Mama Eliana, kuna kobe humo ndani?"

Mama akacheka mpaka akakohoa, kisha akasema akiwa huko huko nyuma ya pazia: "Achana na kobe. Na usimsumbue mkwe wangu kwa maswali, mletee maji anawe, ale."

Mkwe wangu! Posa yenyewe baba mdogo alikuwa hata hajaitaja.

Baadaye Eliana akaniambia yeye ndiye aliyemwekea mama yake gemu, na akamwambia nyati wa moto ni wa nani. Nikamuuliza kwa nini hakunitonya.

"Mama alikataa," akasema. "Alitaka aone, mbali na kushambulia, unajua nini kingine."

Basi somo nimelipata: anayejua kushambulia tu hajawa tayari kuishi na mtu. Na wewe unayeporomosha matusi mtandaoni, ulizia kwanza kama huyo mtu ana binti.