Tundu la Chini

Verna alikuwa anaosha sufuria pale kamba ilipomvuta mkono. Mvuto mmoja tu, kwenye kiganja cha kulia. Kamba yenyewe haikuwepo. Palikuwa na maji ya sabuni na dirisha, na nje ya dirisha mto Peel wa kaskazini ya mbali umelala mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, fito mbili zimechomekwa kwenye barafu, hatua sitini kati yazo.

"Umeanza tena," alisema Alfred, mumewe, kutoka kwenye kiti. Nyonga mbovu ilimfungia ndani kila majira ya baridi, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuona.

"Nimeanza nini? Naosha vyombo."

"Unaosha sufuria moja tangu tunywe chai, mama."

Mvuto mmoja maana yake simama. Miwili maana yake vuta. Kwa miaka ishirini na tisa Verna alizungumza hivyo, kwa kamba, na wifi yake Thelma, dada wa Alfred, kwa sababu kwenye baridi ya kugandisha kope hakuna anayefungua mdomo kupiga kelele hatua sitini. Wavu ulinyooshwa chini ya barafu kati ya matundu mawili. Verna alisimama la juu, upande mto unakotoka, na kuutoa. Thelma alipiga magoti la chini, akiachia taratibu kamba ndefu iliyofungwa mkiani mwa wavu, ili baadaye aurudishe ndani kwa kuivuta upande wake. Kazi ya watu wawili. Kwenye ukumbi wa bingo mawifi hao walichambana mpaka watu wakasahau kusikiliza namba. Kwenye kamba hawakukosana.

Isipokuwa mara moja, mwezi uliopita, Desemba. Verna, miguu imekufa ganzi, alivuta bila kungoja ishara. Wavu ukakwama kwenye ncha ya barafu, ukachanika mwanya wa kupita mbwa.

"Mikono ya mtu wa mjini hiyo," Thelma akamwambia.

"Basi kesho vuta mwenyewe, wifi. Tuione hiyo mikono yako ya kijijini."

Kesho yake Verna alikaa nyumbani kweli. Alisimama dirishani na kikombe chake, akamtazama Thelma akitoka tundu hili kwenda lile, akirudi, akienda tena, mnene ndani ya koti la manyoya, kama mtu aliyedondosha pete. Verna alicheka. Halafu akafunga pazia, akaenda kukata nyama ya supu.

Jioni walimkuta Thelma amepiga magoti penye tundu la chini, moyo umesimama, kamba ameizungusha mkononi. Glavu ilikuwa imegandana na kamba, ikabidi kamba waikate. Kipande kilichobaki wakakifunga kwenye ufito, wakambeba, na tangu hapo hakuna aliyegusa wavu.

Siku kumi na tisa sasa. Wavu haukujua kuwa mwenyewe amekufa. Uliendelea kunasa, na kilichonaswa kilioza. Pale mtoni, kumuua samaki na kumwacha aoze ni kumtukana, na samaki aliyetukanwa hasahau.

"Dada yangu hawezi kupumzika hivi," alisema Alfred. "Kila siku wavu wake unaua bure. Barafu ikizidi kunenepa hatuutoi tena mpaka barafu ya mto ipasuke, na ikipasuka inabeba kila kitu baharini."

"Nikautoe na nani?"

Alijaribu kwa Bertha, jirani, mwanamke mwenye nguvu na mdomo.

"Nikashike kamba iliyokatwa mkononi mwa maiti? Mie? Nina wajukuu, Verna."

"Ini la loshi ulikuwa hulikatai." Loshi ni yule samaki mbaya wa uso, mwenye ndevu moja kidevuni, na ini lake nono watu hugombania.

"Ini nalipenda. Maiti simpendi."

Basi akaenda peke yake, saa sita mchana, jua jekundu likichungulia tu juu ya misonobari na kukata tamaa. Alichota theluji kwa koleo, akapiga barafu ya tundu la juu kwa mtaimbo mpaka maji meusi yakapanda. Harufu ikapanda nayo. Alifungua wavu kutoka kwenye ufito, akavuta. Wa kwanza kutoka alikuwa samaki mweupe aliyeachia nyama kama uji. Wa pili vilevile. Akawatupa bila kuwatazama, akasema samahani kwa kila mmoja, tena kwa hasira.

Kamba ya wavu ikamvuta. Mara moja.

Mkondo, alijiambia. Akavuta. Ikamvuta mara moja tena, kwa nguvu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Verna akasimama. Aliangalia upande wa chini wa mto na hakuona mtu, ila ufito na theluji juu ya tundu, laini, haijaguswa. Haijaguswa. Ndipo alipoelewa. Tundu la chini alikuwa hajalifungua. Tangu aolewe pale hakuwahi kulifungua, halikuwa lake, hata wazo halikumjia. Mkia wa wavu ulikuwa umeshikwa na barafu ya siku kumi na tisa, na mvuto mmoja zaidi ungeupasua wavu wote.

Aliuacha, akaenda hatua sitini na mtaimbo begani. Alipofagia theluji alikuta mashimo mawili ya magoti. Joto la Thelma lilikuwa limeyayeyusha, baridi ikayagandisha, na sasa yalikuwa magumu kama chuma. Hapakuwa na mahali pengine pa kufanyia kazi. Verna akapiga magoti mle. Yalimpwaya.

Alichonga polepole kuizunguka kamba, asije akaikata mara ya pili.

"Nilikuwa dirishani," alisema, kichwa kimeinama. "Nilikuona unahangaika, wifi. Nilicheka."

Maji yakapanda, kamba ikalegea. Aliunga kamba nyingine ndefu mkiani mwa wavu, akafunga ncha kwenye ufito, akarudi juu na kushika wavu. Hakuvuta. Alisimama. Vidole vya miguu viliuma, kisha vikaacha kuuma, jambo ambalo ni baya zaidi. Jua likazama. Alfred dirishani bila shaka alikuwa anatukana. Verna alingoja.

Ikaja. Mara mbili.

Wavu ulitoka bila kukwaruza popote, na kamba ikaufuata kwa ulaini wa kamba inayoachiwa na mikono inayojua. Verna hakuinua macho mpaka wavu wote ulipolala kwenye theluji: thelathini na wanne wameoza, na loshi saba hai wakijinyonganyonga.

Ini moja alimpelekea Bertha. Alhamisi Bertha akashuka mtoni mwenyewe, amejifunga skafu mpaka machoni, akakuta wavu umeshonwa na umerudishwa majini, na Verna amesimama tundu la juu, wavu mkononi.

"Haya, nimekuja. Nikashike kule chini?"

"Hapana. Kaa hapa na mimi, uopoe samaki."

"Kule nani kashika?"

Verna aliukaza wavu mkononi, macho kwenye ufito wa chini.

"Sasa tunangoja nini kwenye baridi hii?"

"Punguza mdomo, Bertha. Sisikii mkono wangu."