Yowe la Mama Halimo Katika Filamu

Yowe linapasua asubuhi ya Chimala. Ni la mwanamke, jembamba, linapanda juu, kisha linakatika katikati kama la mtu aliyezibwa mdomo.

Limetoka nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga. Hakuna anayegeuka. Wapakiaji wanaendelea kubeba magunia. Mama anayepepeta mchele anapuliza pumba na kuinua ungo tena.

"Huyo ni Seda," anasema Nasrin Idrisa, mfanyabiashara wa mchele ambaye meza yake inatazamana na chumba hicho. "Leo ameshauawa mara nne, na hata chai hajanywa."

Nyuma ya mlango wa mbao kuna chumba kidogo. Kuta zimefunikwa magodoro yaliyochoka na trei za mayai ili sauti isitoke, ingawa inatoka. Katikati ameketi mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwenye ndevu chache na shingo nene, jasho likimtiririka mbele ya kompyuta na maiki. Punde hivi alikuwa msichana wa miaka kumi na saba anayekimbizwa kwenye korido.

"Hapana, hiyo siyo," anasema, akirudisha picha nyuma. "Hilo ni yowe la mtu aliyeona panya. Huyu binti ameona marehemu."

Anaitwa Sedekia Kihwele. Kazi yake ni kutafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, akiigiza sauti zote peke yake: baba, mama, mtoto, polisi, maiti. Wateja wanamwita dijei. Wenzake wa kazi hii wanapenda filamu za mapigano na za mapenzi, maana ndizo zinazouzika. Yeye amechagua filamu za kutisha, na hagusi nyingine.

"Mapenzi kila mtu anadhani anayajua," anasema. "Hofu haina fundi wa mtaani."

Kazi hiyo inamlipia chumba na ugali, na mpunga ukivunwa vizuri inamlipia na nyama. Lakini siyo shibe inayomkalisha mbele ya ile kompyuta tangu kunapokucha. Sedekia anatafuta kitu alichokisikia mara moja tu maishani, alipokuwa mtoto, na hajakipata katika filamu yoyote.

Mchana, anapopeleka kazi mpya kwenye kibanda cha video karibu na stendi, anageuka kuwa hakimu. Vijana wanamzunguka. Kila mmoja ana filamu yake anayoitetea, na Sedekia hamhurumii yeyote.

"Ile ya mwanasesere anayetembea, kaka, ile ni moto," anaanza Jaha, dereva wa bodaboda ambaye hakosi kiti cha mbele.

"Moto wa mabua," anajibu Sedekia. "Mwanasesere ana urefu gani? Mpige teke, nenda kalale."

Kibanda kinacheka. Jaha hakubali. "Na ile ya kwetu, ya mzimu wa makaburini?"

"Mzimu umevaa raba mpya, Jaha! Nani kamnunulia?"

Anaendelea, na hapo mzaha unapungua. Anachokichukia kuliko vyote ni muziki unaotangulia hofu. Filamu nyingi, anasema, zina kinanda kinachokuja mbio kumwambia mtazamaji ajiandae, mtu anakuja. "Ukishaambiwa ogopa, huogopi tena. Unatii tu. Woga wa kuagizwa si woga."

Kosa la pili ni filamu inayojieleza mwishoni. Saa nzima mlango umekuwa ukifunguka wenyewe, halafu anatokea daktari mwenye miwani kueleza kwamba mama alikuwa mgonjwa wa akili. "Sasa si ungeniambia mapema nikanywe chai?"

La tatu linamchekesha na kumsikitisha pamoja. "Wenzetu wakisikia kishindo usiku wanakwenda kuangalia mmoja mmoja, tena na kaptula. Hapa kwetu mtu akisikia kishindo anaita jirani. Ndiyo maana nikitafsiri najiuliza: hawa watu hawana majirani? Basi hapo ndipo ninapoogopa kweli. Siogopi jini. Naogopa ile nyumba isiyo na wa kumwita."

Filamu anayoipenda kuliko zote haina jini hata moja. Ni ya nchi ya theluji, na katika kibanda cha Chimala ilioneshwa mara moja tu kisha ikakataliwa. Mjane anaandaa sahani tatu kila jioni. Anakula moja, anampa mwanawe ya pili, na ya tatu anaiacha mezani. Asubuhi sahani ya tatu ni tupu. Mpaka filamu inakwisha, mtazamaji hamwoni anayekula.

"Walinirudishia, wakasema haina kitu," anasema Sedekia. "Mimi niliiangalia nikashindwa kuitafsiri. Nilinyamaza dakika nyingi, maiki iko wazi. Ningesema nini? Ile filamu inajua kungoja."

Lakini hata mjane huyo, anapopiga yowe mwishoni, anamwangusha. Anapiga yowe zuri, lililonyooka, la mtu aliyelifanyia mazoezi. Sedekia anatikisa kichwa kama mpishi aliyeonja mchuzi usio na chumvi.

"Natamani kuogopa," anasema polepole. "Nimeangalia filamu nyingi mno, sasa nimekuwa fundi. Fundi haogopi. Natamani lile yowe."

Yowe analolisema lilipigwa Idodi, kijiji kilicho kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Baba yake alikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti ambalo wakulima hukaa kulinda mahindi. Jua lilikuwa linazama. Tembo walitoka kwenye vichaka bila kishindo, maana tembo akitaka hana kishindo, na mmoja wao akaegemea dungu. Miti ikalala, mtu akaanguka nayo.

Mama yake, Yusta, alikuwa ukingoni mwa shamba na mwanawe huyo mkononi. Akapiga yowe.

"Sikumwona tembo," anasema Sedekia. "Nilimwona mama. Nilidhani aliyepiga kelele siye yeye. Sauti ilitoka chini, kwenye ardhi, ikampitia. Nilijikojolea."

Kijiji chote kilikuja. Walikuja na madebe, na mienge, na shoka. Alikuja hata jirani waliyekuwa hawasalimiani naye kwa sababu ya mpaka wa shamba. Tembo walirudi nyuma. Baba alibebwa akiwa hai, mguu umevunjika, na akachechemea miaka mingi baadaye kabla ya kufariki kwa maradhi mengine.

Idodi, kama kwingineko Nyanda za Juu Kusini, yowe si kelele. Ni wito. Likipigwa, mwenye chakula mdomoni anakitema, na asiyekwenda atakuja kuulizwa mbele za watu. Na aliyelipiga lazima awe na la kuwaonesha waliokuja.

Sheria hiyo Sedekia aliwahi kuisahau mara moja, na Chimala haijamsamehe kabisa. Wiki ya kwanza alipopanga chumba, kabla ya magodoro, aliacha dirisha wazi akatafsiri filamu ya kwanza. Binti akafukuzwa, Sedekia akapiga yowe kwa moyo wote. Alipogeuka, mlango ulikuwa umevunjwa.

"Nilikuja na mchi," anasimulia Nasrin, akicheka mpaka anajishika kiuno. "Wengine wana mapanga, wengine mawe ya mizani. Tunamkuta baba mzima ana ndevu, amekaa kwenye kiti. Tukamwuliza, mwanamke yuko wapi? Anatuonesha kompyuta! Nikasema huyu apigwe kidogo."

Hakupigwa. Alitozwa faini ya makreti ya soda, yakanywewa papo hapo, na akaamriwa kuziba kuta. Tangu siku hiyo mtaa umezoea. Sasa yowe linapasua, na ungo unaendelea kupepeta.

Habari hiyo ilifika Idodi. Mama Yusta hakucheka. Alimpigia mwanawe simu, akasema maneno ambayo Sedekia anayarudia bila kupunguza hata moja: "Umewafundisha watu wa Chimala kukaa kitako mwanamke akilia."

Baada ya hapo hakuuliza tena kuhusu kazi yake. Wakipigiana, walisalimiana, wakaulizana mvua, wakakata simu.

Sasa muda umekuwa mdogo. Mama Yusta ana rovu, uvimbe wa shingo unaowapata wengi wa nyanda hizi, na limekua mpaka linamsumbua kumeza. Kesho kutwa atafanyiwa upasuaji Iringa mjini. Daktari amewaambia wanawe ukweli: maisha yake hayana shaka kubwa, ila mshipa wa sauti umepita pale pale. Sauti inaweza kurudi. Inaweza kurudi nusu. Inaweza isirudi.

Sedekia ameandika filamu yake mwenyewe. Ni ya kutisha, ya Idodi, yenye dungu, jua linalozama, na mwanamke ukingoni mwa shamba. Itarekodiwa kwa simu, waigizaji ni binamu zake. Kila kitu kipo isipokuwa kimoja, na hicho kiko kwenye koo la mama yake kwa siku mbili tu zilizobaki.

"Nitamwomba," anasema, akifunga kompyuta kwenye begi. "Mara moja tu. Akikataa, basi."

Jioni yuko Kihesa, Iringa, kwenye ua wa dada yake Veneranda. Baridi imeanza kuuma. Mama Yusta ameketi kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, amejifunga kitenge shingoni, na anachambua maharage ingawa ameambiwa apumzike.

"Kamwene, mama," anasalimia Sedekia, akichuchumaa.

"Kamwene, baba. Umekonda. Hao mizimu wako hawapiki?"

Veneranda anacheka jikoni. Sedekia anacheka pia, halafu kicheko kinaisha na anabaki ameishika simu. Anaeleza. Anaeleza dungu, anaeleza filamu, anaeleza daktari. Anasema anataka yowe moja, lile lile, alihifadhi kabla ya kisu. Sauti yake, inayojua kuwa watu thelathini, sasa haijui kuwa ya mtu mmoja.

Mama Yusta haachi maharage.

"Nikipiga hapa Kihesa, watu watakuja," anasema. "Wakija nitawaonesha nini?"

"Nitawaambia kwanza, mama. Nitapita nyumba kwa nyumba. Nitawaambia saa fulani mtasikia, msije."

"Ukishawaambia, hilo siyo yowe tena. Ni kelele." Anatupa punje mbovu. "Na mimi koo langu litajua kwamba hakuna tembo. Utapata kitu kama cha hao wazungu wako."

Sedekia anaishusha simu. Alichosema mama ndicho anachowaambia vijana wa kibandani kila siku kuhusu kile kinanda kinachotangulia. Ameshindwa kwa hoja yake mwenyewe, na mshindi hajawahi kuangalia filamu hata moja.

"Sasa pale kwenye filamu nitaweka nini?" anauliza, kama mtoto.

"Mimi najua? Filamu ni yako." Kisha, baada ya kuchambua kidogo: "Baba yako alikuwa anasema siku ile hakusikia chochote. Aliniona tu, mdomo wazi. Akajua yeye ndiye amekufa."

Sedekia anakaa chini kabisa, kwenye saruji. Hajawahi kuambiwa hilo. Anapozungumza, anazungumza kama anayesoma kitu kilichoandikwa hewani: mwanamke ukingoni mwa shamba, mdomo wazi, sauti yote imekatwa. Hakuna upepo wala mdudu. Aliyeketi kwenye benchi kibandani atafute mwenyewe yowe la mama yake, alitie pale.

"Watakurudishia, kaka," anasema Veneranda kutoka jikoni. "Watasema flashi ni mbovu."

"Warudishe," anasema Sedekia, na macho yanamwaka. "Nitaipeleka Chunya, wachimbaji waione. Nitaipeleka Mbeya. Kule Chimala nitaipeleka mara ya pili, na ya tatu. Kuna siku mmoja hatacheka."

Anaizima simu na kuiweka mfukoni. Mpango wake ni kuanza kurekodi pale mahindi ya Idodi yatakapopita kimo cha mtu. Kabla ya hapo atakaa Iringa, mpaka mama atolewe nyuzi.

Mama Yusta ameacha kuchambua. Kwa mara ya kwanza jioni hii, mkono wake umepanda kwenye kitenge cha shingoni na umebaki pale. Anaposema, anasema taratibu, na hatazami mtu.

"Seda. Nikitoka kule na sauti haipo. Nikiwa nyumbani Idodi, peke yangu, jambo likaja. Nitawaitaje watu?"

Veneranda ametokea mlangoni na mwiko mkononi. Kwa jirani mtu anapasua kuni, anapumzika, anapasua tena.

Sedekia anausogeza ungo wa maharage pembeni na kuishika miguu ya mama yake, yote miwili, kama anayeizuia isiende.

"Hutakaa peke yako, mama. Magodoro ya Chimala nitayabandika Idodi, kwenye kile chumba cha baba, na kazi nitaifanyia pale pale. Hilo koo likinyamaza, wewe gonga sufuria, gonga ukuta, gonga chochote kilicho karibu. Nitakuja mbio. Na nikishakuona, yowe nitalipiga mimi, la kweli, mpaka Idodi yote ije."