Nilimshitaki Mtani Wangu kwa Maneno ya Utani

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hujaanza kunionea huruma, maana huruma yako siistahili hata kidogo.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa fundi redio pale Soweto, Mbeya, na kaka yangu aliyekuwa akisoma ng'ambo alinitumia kompyuta ya kuunga mwenyewe. Kompyuta, jamani! Wengi mjini walikuwa hawajalisikia hata hilo jina. Ilikuja vipande vipande: bodi, swichi, taa ndogo za namba, na vidude kumi na sita vyeusi vya kumbukumbu, vyenye miguu mingi kama jongoo.

Sikuwa na sanduku la posta, kwa hiyo mzigo ulipitia kwa rafiki yangu wa Kihesa, Iringa, mtunza stoo wa shule moja kule. Yeye Mhehe, mimi Mngoni. Sisi ni watani tangu babu zetu walipochoka kuuana. Aliubeba mwenyewe kwa basi mpaka kwangu, na hata kukaa hajakaa akaanza.

"Mtani, vijongoo vyako nimekula nusu njiani. Vitamu kwa ugali! Na wewe Mngoni utajuaje? Kuhesabu kwenyewe hujui."

Tulicheka sote. Mke wangu alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

Niliunga kwa wiki tatu. Siku ya kuwasha, ikawaka! Kaka alikuwa ameniandikia kwenye karatasi programu fupi ya kupima kumbukumbu, nikaiingiza kwa swichi, hatua baada ya hatua. Namba zikapanda, zikafika nusu, zikasimama. Nikazima, nikawasha tena. Nusu. Nikachomelea upya kila waya niliyoitilia shaka. Nusu ile ile.

Fundi mwenye akili angechomoa vile vidude kimoja kimoja akavikagua. Mimi nilikuwa na kiburi, ee Mungu wangu, kiburi cha kijinga! Nilijiambia mkono wangu haukosei, redio ngapi zimepita hapa. Nikaviinamia kwa juu tu, nikaona maandishi ya safu ya pili hayafanani na ya safu ya kwanza. Hapo ndipo yale maneno yaliponirudia. Nimekula nusu.

Kumbe alisema kweli! Kabadilisha, kaniwekea vibovu! Nani tena anayejua kubadilisha vitu kama si mtunza stoo?

"Baba Tumaini," mke wangu aliniambia, "yule si alikuwa anakutania?"

Nikamwambia anyamaze, mambo ya ufundi hayajui. Nikakaa nikaandika barua kwa mkuu wa shule, kwamba mtunza stoo wake ameniibia na amekiri kwa kinywa chake mbele ya mke wangu. Neno utani sikuliweka. Nililifikiria, kalamu ikiwa mkononi, nikaliacha makusudi. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo.

Wakamwita. Wakamuuliza, ulisema maneno haya au hukuyasema? Akajibu, "Nilisema." Hakuwa mtu wa kudanganya. Wakamnyang'anya funguo za stoo, wakampa fyekeo, akawa anafyeka majani mbele ya wanafunzi waliozoea kumwamkia kwa heshima.

Miezi ikapita. Jumapili moja tumetoka kanisani, mke wangu anafuta vumbi mezani, akauliza mbona kidude kimoja kimekaa upande. Nikakichomoa. Mguu wake mmoja ulikuwa umejikunja chini ya tumbo, haukuingia tunduni. Mkono wangu mwenyewe ndio uliokisukuma! Nikaunyoosha kwa koleo ndogo, nikakirudisha, nikawasha. Namba zikapanda mpaka mwisho. Na yale maandishi tofauti, kumbe ni ya kiwanda kingine tu.

Sikufurahi. Niliketi sakafuni, jasho likanitoka na baridi yote ile ya Mbeya.

Unadhani nilikwenda Iringa siku ya pili? Sikwenda! Niliona aibu, nikajidanganya kwamba nitakwenda mwezi ujao, kisha mwezi mwingine. Nilipopata ujasiri wa kumwandikia mkuu wa shule, jibu lilikuja kwamba stoo imeshapata mtu.

Halafu baba yangu akafariki. Rafiki yangu alisikia, akaja. Mnajua mtani msibani: huzuia jeneza mpaka apewe kuku, humwigiza marehemu alivyotembea, na wafiwa hucheka wakipumua kidogo. Ukoo mzima ulikuwa unamsubiri yeye. Akanipa mkono, akasema, "Pole sana, bwana." Akatoa rambirambi, akaenda kukaa na majirani. Hakufanya utani hata mmoja. Mama akaniuliza, "Mtani wetu anaumwa?"

Baada ya mazishi nilimfuata, nikamweleza habari ya mguu uliojikunja, nikalia mbele yake. Nikamwambia, nitukane basi, unavyotaka.

Akasema, "Kwenye ile barua ungeongeza mstari mmoja tu, kwamba sisi ni watani. Wangecheka, wangeichana. Na wewe ulijua." Akachukua kofia yake akaenda stendi.

Wewe unayesoma, kabla hujamwita mwenzako mwizi, kagua kwanza kazi ya mikono yako, na uikague mpaka chini. Na mtu akikutania, usiyaweke maneno yake akiba ya siku ya hasira! Mimi mke wangu alinikanya, nikamwona mjinga.

Kompyuta ile niliigawa, hata sikumbuki kwa nani. Na mpaka leo mtu akinitania, nacheka haraka haraka kabla hajamaliza, ili asije akadhani nimemwelewa vibaya.