Leo chupa yangu imetoka tupu

Jamani, leo nimeogopa maji safi.

Kazi yangu mnaijua: navuta wavu laini wenye chupa mwishoni kwenye ziwa letu la volkano huku Rungwe, nahesabu vidudu vidogo vinavyoelea majini. Masika huwa aina hizi, kipupwe aina zile.

Leo nimevuta mara tatu. Chupani hakuna hata kimoja.

Hata kimoja!

Msimu hubadilisha aina, haufagii ziwa zima. Nikawaza dawa za mashambani na mvua kubwa ya juzijuzi: huenda imezisomba hadi ziwani.

Nageuka, namwona Bibi Tusekile, anayekaa hapo juu ya ziwa, kikombe kiko mdomoni.

"Bibi, usinywe!"

Kikombe kikaanguka. Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

"Mwanangu, si wewe ulinionyesha wale wadudu masika? Nikaapa sichoti tena. Sasa maji yametakata, yaani wameisha. Ndaga, nashukuru, Mungu ni mwema."

(Ni kweli, nilimwonyesha kwenye hadubini. Nikacheka alivyoruka. Sikumwambia kwamba wale wadudu ndio dalili kuwa ziwa ni zima.)

"Umeanza lini kuchota tena, bibi?"

"Jumapili. Na majirani nimewaambia, wote tunachota hapa."

Maji nimeshayapeleka yapimwe, majibu bado. Tangu mchana napita nyumba kwa nyumba nawaomba watu wamwage ndoo zao, na kila mlango nakutana na swali lile lile:

"Lakini wadudu si wameisha?"

Nyie mngewajibu nini?