Nyumba ya Baba Yenye Magurudumu Sita

Baba yangu aliendesha malori ya masafa kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijui ni mingapi kati ya hiyo aliimaliza kwenye foleni ya Tunduma akisubiri kuvuka kwenda Zambia. Kwenye foleni madereva walipika, walifua, walinyoana nywele, wakalala kwenye kabini wiki nzima bila kusogea hatua mia. Alipostaafu na kurudi kwetu Vwawa, usingizi wa nyumbani ulimkataa. Alisema chumba kisichonusa dizeli kinamkaba. Mama alimcheka na kumvumilia, mpaka Mungu alipomchukua. Miezi michache baada ya msiba baba akanunua fuso kuukuu lenye bodi la kufunga, akamwita seremala, wakatia humo kitanda, rafu, jiko la gesi, pipa la maji na pazia la maua lililokuwa la mama. Likaegeshwa uani, karibu na dirisha la sebule, na baba akahamia.

Majirani walisema mzee amechanganyikiwa. Mimi nilisema hivyo pia, tena kwa sauti kuliko wao, maana sina dogo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kusikika mpaka dawati la nyuma. Baba hakujali. Alikuwa amewaona Wazungu wakipita Tunduma na magari yenye kitanda na jiko ndani, wakienda kupiga kambi kando ya maziwa. "Wale wanalipa ili walale kwenye gari," alisema. "Mimi nililipwa."

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Nilimpeleka Mbeya kwa daktari, akaambiwa ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi, na kuendesha gari ndiyo mwisho. "Mzee, usiendeshe tena," daktari alisema, taratibu kabisa. Baba akajibu, "Asante, daktari," akashuka ngazi akishika ukuta, akaingia kwenye fuso, akawasha. Nami, niliyekuwa nimesikia kila neno, nikapanda kando yake. Hilo silisahau. Nilipanda, nikafunga mlango.

Haukupita muda akagonga kichanja cha kahawa cha jirani. Kahawa ilimwagika barabarani, kazi ya wiki nzima ya watu. Baba alishuka akasema kichanja kimesogezwa. Jirani yetu, mtu wa heshima zake, akatazama chini akasema, "Kweli mzee, nilikisogeza." Hakuwa amekisogeza hata kidole. Hivyo ndivyo tulivyoishi naye: kila mtu alibeba kipande cha uongo ili mzee asiangushwe.

Kaka yangu mkubwa aliniita kwake Mlowo. Alisema safari nyingine haitakuwa kahawa, itakuwa mtoto wa mtu. Ufunguo lazima utoke mikononi mwa baba.

"Basi mwambie," nikasema.

"Mimi? Mwanaume amnyang'anye baba yake ufunguo? Hiyo ni laana. Wewe ndiye mwenye jina la bibi. Wewe anakuita mama. Mama akisema, mtoto anasikia."

Alikuwa sahihi. Kwetu mtoto aliyepewa jina la bibi mzaa baba ana ruhusa ambayo wengine hawana. Anaweza kumkaripia baba yake kwa utani na baba akacheka. Tangu nikiwa mdogo baba aliniita mama, akanisalimia shikamoo kwa mzaha asubuhi, akaniomba chakula kama mtoto anayeona njaa. Hakuwahi kunikatalia neno. Ndiyo maana neno lile liliniwia zito. Nilijua atalikubali.

Likizo ya Juni ilipofika baba akatangaza kwamba mimi na yeye tunakwenda kupiga kambi Ziwa Rukwa, kama Wazungu. Kaka alikuwa kwenye mavuno ya kahawa hawezi kutoka. Akaninong'oneza, "Huko mtakuwa wawili, ametulia. Mwambie huko." Nikaitikia. Kwamba ili nimwambie asiendeshe ilibidi kwanza aniendeshe hadi ziwani, hatukulisema.

Tulipita Mlowo tukashika barabara ya vumbi inayoteremka kuelekea Kamsamba. Nilikuwa macho yake, ila sikuruhusiwa kusema hivyo. Nilijifanya mtalii. "Baba, tazama wale ng'ombe barabarani, walivyonona!" Naye akajibu, "Nimewaona," huku akipunguza mwendo. "Baba, lile daraja jembamba pale mbele alilijenga nani?" "Serikali," akasema, akashika usukani kwa mikono miwili. Kwenye mteremko mkali nilisifu kila kona mpaka koo likakauka. Yeye alitabasamu njia nzima. Nilikuwa nimeng'ang'ania kishikio cha mlango huku nikicheka.

Tulifika alasiri. Mwenyekiti wa kitongoji alitukaribisha vizuri, akatuonya kuhusu mamba na viboko, akatuonyesha uwanja ulioinuka chini ya migunga, pale wanunuzi wa samaki wanapoweka magari yao. Baba akasema hakuja ziwani kulala na wanunuzi wa samaki. Anataka maji yawe mlangoni.

Sasa dereva wa foleni ana desturi yake. Haegeshi pua ikitazama anakokwenda kulala. Pua lazima itazame barabara, ili likitokea la kutokea aondoke bila kurudi nyuma. Kwa hiyo baba akaligeuza fuso, akalirudisha kinyumenyume kuelekea majini, mimi nikigonga bodi kwa kiganja jinsi utingo wake walivyokuwa wakimgongea: mara mbili endelea, mara moja simama. Mzigo wote wa nyumba ile, kitanda, pipa, rafu, ukawa upande wa ziwa. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu akasema, "Mzee, hapo panadanganya."

"Nimeegesha Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, masika," baba akamjibu.

Mimi nilikanyaga ardhi, nikaiona kavu na yenye nyufa. Sisi watu wa Mbozi udongo wetu mwekundu ukikauka umekauka hadi chini. Sikujua kuna udongo unaofanya ngozi juu kama uji uliopoa, na chini bado ni uji. Nikamwambia baba pako sawa.

Jioni ile nilikaanga perege, tukala kwenye vigoda nje ya mlango wa nyuma, na sijawahi kumwona amefurahi vile tangu msiba. Ndege walikuwa wengi kupita kiasi. Baba akageuza sikio kuelekea ziwani, akauliza kana kwamba ananipima, "Maji yako hatua ngapi?"

"Thelathini, baba."

"Sawasawa," akasema. "Nami nimehesabu hivyo."

Nikaweka sahani chini. "Baba, nina neno."

"Sema, mama."

Alinigeukia na uso wake wote, akiwa tayari. Nikamuuliza kama chumvi imetosha. Akasema imetosha.

Siku ya pili nilijaribu asubuhi, akiwa anafuta taa za fuso kwa kitambaa, akizipapasa kwanza kwa kidole ili ajue kioo kinaanzia wapi. Nilikuwa nimejipanga kama ninavyopanga somo. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Hapa nitakuja kila mwaka, mama. Hata miguu ikigoma. Gari haliendeshwi na miguu ya kutembelea." Nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. Nilijikasirikia, nikamkasirikia kaka aliyekuwa anavuna kahawa yake kwa amani, nikamkasirikia hata mama kwa kufa na kuniachia kazi hii. Nilirudi na ndoo mbili zimejaa, nikamkuta anapiga mluzi.

Siku ya tatu niliamshwa na sufuria zikiporomoka kutoka kwenye rafu. Kitanda kilikuwa kimeinama. Nilipofungua mlango, ngazi yetu ya chuma ilikuwa imezama nusu, na magurudumu ya nyuma yalikuwa hayaonekani. Bodi lilikuwa limekaa kwenye tope. Baba akawasha injini. Kila alipokanyaga mafuta tulizama zaidi. Tulichimba kwa jembe la kuazima, tukatia matawi, tukatia mawe, na maji yakawa yanajaa kwenye mashimo yetu polepole, bila haraka yoyote. Ilipofika saa tano nilikaa kwenye tope lile na kulia kwa hasira. Baba hakuniona nalia. Alikuwa umbali wa hatua tatu, ananieleza jinsi walivyowahi kukwama Kapiri, kule Zambia.

Yule mvuvi wa wavu, ambaye angeweza kutucheka na hakutucheka, ndiye aliyekwenda kumwita mfugaji Msukuma mwenye maksai. Mchana wakafika wakiwa na jozi nne na mnyororo. Mfugaji alikuwa mzee wa rika la baba, mwenye kofia pana. Akasimama mbele aongoze wanyama wake, vijana sita wakaenda nyuma kusukuma, watu wa kitongoji wakaja kutazama. Baba akapanda kwenye usukani asaidie na injini.

"Mzee, nikiinua mikono usimame," mfugaji akamwambia.

"Sawa," baba akasema. Kisha akainama dirishani, akaninong'oneza, "Mama, kaa hapa mlangoni. Akiinua mikono, gonga."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Watu walikuwepo, injini ilikuwa bado haijawaka, ningeweza kuomba dereva mmoja wa wanunuzi wa samaki ashike usukani. Nilisema, "Haya, baba."

Mnyororo ukakazwa. Maksai wakainamisha vichwa, fuso likatetemeka, likapanda kidogo, watu wakashangilia. Likapanda tena. Magurudumu yakashika yale mawe yetu, na nyumba nzima ikaanza kutoka. Ndipo maksai mmoja wa jozi ya nyuma, iliyokuwa karibu zaidi na gari, akateleza akapiga magoti. Mfugaji akainua mikono yote miwili, kisha, akiamini ameonekana, akakimbilia pale na kuinama mbele ya bampa amfungue mnyama wake nira.

Nikagonga mlango. Mara moja, kwa nguvu. Lakini wale vijana wa nyuma walikuwa wakipiga bodi kwa viganja huku wakiimba, na kiganja changu kikapotea katika viganja vyao. Baba akaendelea kukanyaga mafuta, uso wake umetulia, macho yametazama mbele kabisa pale yule mzee alipoinama. Nikagonga, nikagonga. Kwa masikio yake hiyo ilikuwa mara mbili, mara mbili, endelea.

Nikaruka mbele ya kioo, na sauti iliyonitoka haikuwa ya mtoto kwa baba yake. Ilikuwa ile ninayomtolea mwanafunzi anayechezea moto.

"Simama! Wewe! Huoni?"

Fuso likasimama. Kati ya bampa na mgongo wa mfugaji palikuwa na nafasi ya mkono mmoja. Baba akazima injini, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani.

"Sioni," akajibu.

Mfugaji akainuka, akaja dirishani amejaa hasira, na alikuwa na haki. Akamtazama baba usoni. Kisha akavua kofia, akasema, "Pole, mzee mwenzangu." Ningependa angetutukana.

Dereva wa wanunuzi wa samaki ndiye aliyemalizia kulitoa fuso, na ndiye aliyetupandisha hadi Vwawa siku ileile. Baba alikaa katikati, magoti yameshikana, mikono haijui pa kukaa. Kwenye mlima nikajaribu mchezo wetu. "Baba, tazama wale ng'ombe."

"Mwambie dereva," akasema.

Uani kwetu kaka alikuwa anasubiri. Baba alishuka mwenyewe, akampa ufunguo kabla hajaombwa, akaingia ndani ya nyumba, akauliza chumba chake ni kipi. Kaka akanishika bega, akasema, "Umefanya vizuri. Nilijua atakusikia." Sikumweleza kitu. Fuso likauzwa kwa mtu wa Isongole, bila pazia la maua. Kila mtu sasa yuko salama, jirani, kahawa yake, watoto wa barabarani, na baba.

Nimemwomba msamaha zaidi ya mara moja. Nilimwendea na kaka, nikamwendea peke yangu, nikapiga magoti kwa desturi zetu zote. Kila mara ananiambia hakuna kosa, ungeninyamazia ningeua mtu, na ninaamini anasema kweli. Hana kinyongo. Anakula ninachopika, anacheka redio ikichekesha. Ila tangu siku ile hajaniita tena mama. Akitaka kwenda kuota jua anashika fremu ya mlango, anasimama wima, anasema, "Mwalimu, naomba kwenda nje."

Mwanzoni nilidhani ni utani wake, nikacheka. Halafu nikamwambia, baba, nyumba ni yako, huombi ruhusa. Akasema sawa, akabaki amesimama palepale. Siku hizi namjibu tu, "Nenda, baba," kwa sababu nisipojibu hatoki.