Waziri Alipomaliza Kushukuru

Juzi, kwenye basi la Barking, huku ughaibuni, nilikaa ubavuni mwa mama wa Kipemba anayehudumia wazee. Alikuwa akitazama baraza la wawakilishi la nyumbani kwenye simu. Waziri wa sheria alikuwa ameulizwa mahakama ya ardhi ya kwao Pemba itapata lini hakimu. Kesi ya mama huyo, ya nyumba ya marehemu babake, imekwama hapo.

Waziri akamshukuru Mungu, Rais, Spika, wapigakura, mkewe.

"Mama mkwe kamsahau," nikasema.

"Nyamaza kaka, sasa anakuja kwangu."

Kituo chake cha kazini kikafika kwanza. Akanipa namba. "Sikiliza kwa simu yako. Akijibu, nipigie."

Waziri akasema suala linafanyiwa kazi, akaketi.

Nimeropoka katika nchi nyingi, ila simu hiyo bado sijapiga. Nimwambie amejibu, au amemaliza?